Gari dogo la mtumba: Mambo ya kuchunguza kabla ya kutoa pesa

KWA mfanyakazi wa kawaida jijini Nairobi, gari la kwanza aghalabu huwa dogo: Toyota Vitz, Mazda Demio, Honda Fit, Nissan Note au Toyota Passo. Ni magari mafupi yasiyo na buti lililochomoza nyuma, na ambayo viti vya nyuma vikikunjwa hubeba hata gunia la viazi kutoka Marikiti. Hunywa petroli kidogo, hupata nafasi ya kuegeshwa pale ambapo gari kubwa halingetosha, na vipuri vyake vimejaa katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga.

Hata hivyo, gari hilo hilo ndilo limewaletea wengi majuto. Pesa zinazolinunua huwa ni akiba ya miaka kadhaa, au mkopo wa chama cha akiba na mikopo ambao utakatwa kwenye mshahara kila mwezi, gari litembee lisitembee. Likianza kuugua mwezi wa pili, mwenyewe hujipata akilipia gari lililolala kwa fundi huku yeye amerejea kwenye foleni ya matatu.

Wanunuzi wengi hutumia wiki nzima kulinganisha aina za magari na rangi zake, kisha dakika chache tu kulichunguza gari lenyewe. Yafaa iwe kinyume. Tofauti iliyopo kati ya Vitz lililotunzwa na Vitz lililochakazwa ni kubwa kuliko tofauti iliyopo kati ya Vitz na Demio. Kwa hivyo, anayetaka kununua hana budi kupata majibu ya maswali matatu: gari lina umri gani hasa, limekuwa likifanya kazi gani, na kisheria ni la nani.

Lilikotoka

Takriban magari yote madogo ya mtumba yanayouzwa nchini yalitumiwa kwanza Japan. Huko, kama hapa Kenya, magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara, na hivyo usukani huwa kulia.

Serikali ya Japan hulazimisha gari la kibinafsi kukaguliwa miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, na baadaye kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo ni ghali, na wenye magari wengi huona heri kuyauza kuliko kuendelea kuulipia. Magari hayo hupelekwa minadani, ambako wafanyabiashara huyanunua na kuyasafirisha hadi nchi za nje.

Yanayoletwa Kenya hufuata kanuni ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) inayojulikana kama KS 1515, ambayo huweka kikomo cha miaka minane. Kwa mfano, kuanzia Januari 1, 2025, magari yaliyoruhusiwa kuingia ni yale yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka wa 2018 au baadaye. Aidha, gari hukaguliwa kule linakotoka kabla ya kupakiwa melini kuja Mombasa.

Likifika bandarini, hutozwa ushuru unaopandiana. Ushuru wa forodha ulipandishwa Julai 2023 kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao tangu 2019 umekuwa asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1,500cc na asilimia 25 kwa injini za petroli zinazozidi kiwango hicho, ila zile kubwa mno ambazo hutozwa zaidi. Kisha huja ushuru wa ziada ya thamani (VAT) wa asilimia 16.

Kwa viwango hivyo, gari dogo lililokadiriwa na Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) kuwa na thamani ya Sh100,000 hugeuka kuwa la takriban Sh188,000 hata kabla ya ada nyinginezo. Ndiyo maana magari yenye injini ndogo yana soko, na ndiyo maana bei ya gari lililokwisha kutumika hapa nchini haishuki upesi jinsi mnunuzi angetarajia.

Nambari ya gari si umri wake

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kupima umri wa gari kwa herufi zilizo kwenye bamba lake. Msururu wa KBA ulianza kutolewa 2007, KCA ukafuata 2014 na KDA ukaanza 2020. Herufi hizo huonyesha wakati ambapo gari lilisajiliwa Kenya, wala si mwaka lilipoundwa.

Gari lililopewa nambari ya KCA mwaka wa 2014 huenda liliundwa 2007. Vivyo hivyo, magari mawili ya KDA yaliyosajiliwa wiki moja yanaweza kutofautiana kwa miaka kadhaa. Muuzaji anayesisitiza herufi mpya za bamba na kunyamazia mwaka wa kuundwa anastahili kuulizwa swali la pili.

Mwaka huo huandikwa kwenye hati ya umiliki, maarufu kama logibuku. Unaweza pia kulinganishwa na kijikaratasi kilichoshonwa kwenye mshipi wa usalama karibu na sakafu, ambacho katika magari mengi ya Japan huonyesha mwaka mshipi ulipotengenezwa. Mshipi uliotengenezwa miaka mitatu baada ya gari ni ishara kwamba uliwahi kubadilishwa, pengine baada ya ajali.

Nambari ya chesisi nayo hufichua mengi. Vitz la kizazi cha tatu, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, huwa na chesisi inayoanza na KSP130 likiwa na injini ya 1,000cc, na NSP130 likiwa na ile ya 1,300cc. Honda Fit iliyofuata 2013 huwa GK3 ikiwa na injini ya 1,300cc, GK5 ikiwa ya 1,500cc na GP5 ikiwa haibridi. Demio la kuanzia 2014 huwa DJ3 likitumia petroli ya 1,300cc na DJ5 likitumia dizeli ya 1,500cc. Mnunuzi anayejua herufi hizo hawezi kuuziwa injini moja akiambiwa ni nyingine.

Kila moja na tabia yake

Baada ya kujua umri, mnunuzi anaweza kutazama aina. Vitz na Passo zenye 1,000cc zina injini za silinda tatu. Hutetemeka kidogo zikiwa zimesimama na huchoka mlimani zikibeba watu watano, lakini katika msongamano wa jiji hutumia mafuta kidogo. Mtu anayekwenda Nyahururu au Kitale kila mwezi na familia nzima ataridhika zaidi na injini ya 1,300cc au zaidi.

Honda Fit husifiwa kwa nafasi, kwa kuwa tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele na sakafu ya nyuma hubaki tambarare. Nissan Note nayo ina nafasi kubwa ya miguu nyuma. Demio la DJ3 lenye gia za otomatiki hutumia sanduku la gia la kawaida lenye hatua sita.

Haibridi na dizeli zinahitaji tahadhari zaidi. Fit ya haibridi iliyotolewa 2013 ilirejeshwa kiwandani mara kadhaa nchini Japan kwa sababu ya kasoro za mfumo unaoongoza gia zake, na betri yake kubwa huzeeka. Dizeli ya Demio ina chujio la moshi linalojisafisha gari likienda kwa kasi kwa muda. Likizungushwa kila siku kati ya Umoja na katikati ya jiji kwa mwendo wa konokono, masizi hujikusanya na gharama ya kuyaondoa si ndogo. Gari la aina hiyo linamfaa zaidi msafiri wa masafa marefu.

Magari mengine mengi ya kundi hili hutumia gia zisizo na hatua, zijulikanazo kama CVT. Badala ya meno ya gia, kuna magurudumu mawili yanayopanuka na kusinyaa, yakiunganishwa na mkanda wa chuma. Mfumo huu huokoa mafuta, lakini huhitaji oili yake maalumu. Fundi akitia oili ya gia za kawaida za otomatiki, mkanda huanza kuteleza na mfumo mzima huweza kuharibika. Swali la ni oili gani iliyotiwa na lini, kwa hivyo, lina uzito kuliko swali la redio au magurudumu ya kung'aa.

Kazi ambayo limekuwa likifanya

Huduma za teksi za simu zilipoanza Nairobi mnamo 2015, magari madogo yaligeuka kuwa chombo cha riziki kwa maelfu ya madereva. Mnamo 2018, huduma ya bei ya chini ilianzishwa kwa kutumia Suzuki Alto. Hakuna ubaya katika kazi hiyo, lakini matokeo yake ni kwamba sehemu ya magari yanayouzwa sasa kama ya kibinafsi yaliwahi kubeba abiria mchana na usiku.

Hesabu ni rahisi. Gari la mwajiriwa anayekwenda kilomita 30 kwa siku, siku sita kwa wiki, hufikisha chini ya kilomita 9,400 kwa mwaka. Teksi inayokwenda kilomita 150 kwa siku, siku sita kwa wiki, hupita kilomita 46,000. Miaka mitatu ya teksi hiyo ni sawa na miaka 15 ya mwajiriwa. Magari hayo mawili huweza kuegeshwa bega kwa bega katika yadi moja, yote mawili yakiwa ya mwaka mmoja na rangi moja.

Kwa bahati mbaya, kipimo cha kilomita kwenye dashibodi huweza kurudishwa nyuma kwa kompyuta. Kwa gari lililotoka Japan hivi karibuni, mnunuzi anaweza kuomba kuona cheti cha kusafirishia gari na karatasi ya mnada. Karatasi hiyo huonyesha kilomita za wakati ule na gredi ya gari, ambapo R au RA humaanisha liliwahi kugongwa na kurekebishwa.

Kwa gari lililokwisha kutumika Kenya, ushahidi uko ndani ya gari lenyewe. Mpira wa kanyagio la breki uliolika hadi chuma, usukani ulioteleza kama kauri na kiti cha dereva kilichobonyea havipatani na kilomita 60,000. Viti vya nyuma vilivyochakaa kuliko kiti cha mbele cha abiria, alama za gundi ya stika na mikwaruzo ya kishikio cha simu kwenye dashibodi huashiria teksi. Vibandiko vya huduma ya oili vinavyobandikwa na mafundi chini ya boneti au kwenye mlango huwa na tarehe na kilomita, na mara nyingi anayechezea kipimo husahau kuvibandua.

Ikumbukwe kwamba teksi iliyobadilishwa oili kwa wakati huenda ikawa na afya kuliko gari la kibinafsi lililopuuzwa. Lililo muhimu ni mnunuzi ajue anachonunua, na bei iwe ya kilomita halisi.

Ukaguzi wa gari lenyewe

Gari likaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyelipasha moto kabla ya mnunuzi kufika huenda anaficha jambo. Injini ikiwashwa, moshi wa buluu humaanisha inachoma oili, na moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto huashiria kwamba maji ya kupoza yanapenya ndani. Kifuniko cha oili kikiwa na utando kama maziwa, hilo ni onyo la kutosha.

Injini za Vitz, Demio, Fit na Note za miaka hii huendeshwa kwa mnyororo wa ndani badala ya mkanda wa mpira. Mnyororo hudumu, ila oili ikicheleweshwa mara kwa mara hulegea na kutoa mlio wa kukwaruza injini inapowashwa ikiwa baridi.

Ufunguo unapozungushwa kabla ya injini kuwaka, taa za onyo, ikiwemo ile ya injini na ya mifuko ya hewa, zinapaswa kuwaka kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayowaka, kwani huenda imezimwa makusudi. Fundi mwenye kifaa cha kusoma hitilafu akiunganishe na gari; shughuli hiyo huchukua dakika chache.

Kisha gari liendeshwe, si kuzunguka yadi bali barabarani, penye matuta na mlima. Gia ya CVT inayoumwa huchelewa kushika ikitolewa kwenye P na kuwekwa kwenye D, hutetemesha gari linapoondoka, au huifanya injini inguruma bila mwendo kuongezeka. Jaribio hilo lifanywe kwa nusu saa angaa, kwani baadhi ya hitilafu hujitokeza tu oili ya gia ikishapata joto, kama ilivyo saa za jioni katika Barabara ya Jogoo au Waiyaki.

Magari haya yako chini, takriban sentimita 13 hadi 15 kutoka ardhini. Matuta ya mitaani huyagonga tumboni. Mnunuzi alitazame chini: sahani ya oili iliyobonyea, bomba la moshi lililochomelewa, na oili inayovuja kwenye shoki. Mgongano wa chuma unaosikika kila gari linaposhuka tutani humaanisha kuna vipuri vya kubadilishwa, na gharama yake ipunguzwe kwenye bei.

Matairi nayo yana tarehe. Tarakimu nne zilizo mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni huonyesha wiki na mwaka. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini lililozeeka hupasuka.

Kwa gari lililogongwa, mianya kati ya milango na ubavu huwa haifanani, rangi hutofautiana juani, na boliti za boneti huwa zimekwaruzwa. Vioo vyote vya gari huwa na alama ya kiwanda. Kimoja kikitofautiana na vingine, kiliwahi kuvunjika.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 jijini Nairobi yaliongeza hatari nyingine, kwani magari mengi yalizama. Gari lililozama huweza kusafishwa likang'ara, lakini huacha matope chini ya zulia, kutu kwenye reli za viti, ukungu ndani ya taa na harufu ya uvundo ambayo manukato hayaiondoi. Umeme wake husumbua miezi kadhaa baadaye.

Asiye na ujuzi anaweza kumwajiri fundi asiyemjua muuzaji, au kulipeleka gari kukaguliwa na Chama cha Magari nchini (AA Kenya). Muuzaji anayekataa gari lisikaguliwe nje ya yadi amekwisha kutoa jibu.

Gari ni la nani?

Hapa ndipo penye hasara kubwa zaidi, kwa maana injini mbovu hurekebishwa, lakini gari la wizi huchukuliwa lote.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humchukulia mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili kuwa mwenye gari, hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo pia hukataza gari lililobadilisha mwenyewe kutumiwa barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mwenyewe mpya kusajiliwa. Hata hivyo, kuna magari yaliyopita mikononi mwa watu watatu au wanne huku usajili ukibaki kwa yule wa kwanza, ambaye huenda amehama au amefariki.

Hatua ya kwanza ni kutafuta rekodi ya gari katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) kupitia mtandao wa eCitizen. Rekodi hiyo ilinganishwe na nambari ya chesisi na ya injini zilizochongwa kwenye gari, si zilizoandikwa kwenye karatasi tu. Jina lililo kwenye rekodi lilingane na kitambulisho cha mtu anayeuza. Dalali anayesema mwenyewe yuko ng'ambo hana mamlaka ya kuuza bila idhini ya kisheria.

Iwapo mwenyewe alifariki, ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama pekee anayeweza kuliuza. Mjane, mtoto au ndugu aliye na ufunguo na logibuku bado hana uwezo huo hadi apate idhini hiyo. Gari likiwa la kampuni, barua ya idhini ya wakurugenzi inahitajika.

Hatua ya pili ni kuhakikisha gari halina deni. Wakopeshaji wengi hutoa fedha kwa dhamana ya logibuku. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ipitishwe mwaka wa 2017, dhamana hizo husajiliwa katika sajili inayosimamiwa na Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS), ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua. Mkopo ambao haujalipwa huweza kulifuata gari hata likiwa kwa mnunuzi asiyejua lolote, na madalali wa kulitwaa wakabisha hodi langoni pake.

Hatua ya tatu ni malipo. Mkataba wa mauzo uandikwe, ukionyesha majina, nambari za vitambulisho, chesisi, kilomita, bei na saa ya kukabidhiana gari. Malipo yapitie benki hadi akaunti ya mwenyewe, wala si ya dalali. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya NTSA, na mnunuzi huukubali kwenye yake. Ni busara sehemu ya mwisho ya malipo itolewe uhamisho ukiwa umekwisha kuanzishwa wakiwa wote wawili pamoja.

Muuzaji mwaminifu naye ananufaika. Gari likihusika katika ajali au uhalifu kabla ya uhamisho, polisi humtafuta yule ambaye jina lake liko kwenye usajili.

Bei kamili

Mwenye Sh800,000 asinunue gari la Sh800,000. Oili ya injini na ya gia, plagi, breki, pengine betri na matairi mawili, vyote huhitaji pesa wiki ya kwanza. Magari yanayojizima yenyewe yakisimama huhitaji betri ya aina maalumu, ambayo ni ghali kuliko ya kawaida. Sehemu moja kwa kumi ya bajeti ikiwekwa kando, mnunuzi hatakwama.

Mkopo wa Sh600,000 kwa riba ya asilimia moja kila mwezi kwa salio linalopungua, ukilipwa kwa miaka mitatu, hudai takriban Sh19,930 kila mwezi. Jumla yake ni kama Sh717,000. Kiasi hicho cha mwezi bado hakijagusa petroli, bima wala ada za kuegesha.

Bei ya petroli hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na hubadilika. Oktoba 2023 lita moja ilipita Sh217 jijini Nairobi. Kwa bei ya mfano ya Sh180 kwa lita, mtu anayekwenda kilomita 30 kwa siku kwa gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita hutumia Sh360. Gari la kilomita 10 kwa lita lingemtoa Sh540. Kwa siku 25 za mwezi, tofauti ni Sh4,500. Hiyo ndiyo faida ya injini ndogo, mradi iwe nzima. Injini inayochoma oili huila faida hiyo yote.

Bima ya kuwafidia watu wengine ni lazima kisheria. Bima kamili hugharimu zaidi, na kampuni nyingi husita kuitoa kwa gari lililozeeka, jambo ambalo mnunuzi anafaa kuuliza kabla ya kulipa. Anayenuia kufanya teksi wikendi afahamu kwamba bima ya gari la kibinafsi haimlindi akibeba abiria kwa malipo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari ambalo muuzaji analisukuma kwa haraka, akidai kuna mteja mwingine njiani na kwamba amana ilipwe leo hii, lina sababu ya kuharakishwa. Vitz na Demio hazijawahi kuadimika Nairobi. Aliyeacha moja yenye mashaka Jumamosi atapata nyingine Jumatatu. Ada ya fundi, ya kupekua rekodi za NTSA na ya kukagua sajili ya dhamana, hata zikijumlishwa, ni sehemu ndogo sana ya bei ya gari, na mtu aliyezilipa kisha akakataa gari bovu hajapoteza pesa.